Kila Ankara Ina Sahihi Mbili



Kama ulikuwa ukitazama runinga nchini Kenya mnamo Aprili 2020, bila shaka unazikumbuka zile hundi. Si hundi za kukunja na kutia mfukoni. Nasema zile za ubao, pana kama mlango wa duka, zinazobebwa na watu wanne waliovaa barakoa, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake isipokuwa pale ubao unapowalazimu wasogeleane. Nembo ya kampuni juu, mamilioni katikati, na chini jina la mfuko wa dharura wa korona. Mtangazaji anasoma, kamera zinamulika, na kesho yake kampuni nyingine inaleta ubao wake.

Sitaki kuwacheka waliotoa. Pesa zile zilihitajika sana. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na mwezi haujaisha wauguzi walikuwa wakilia kwamba hawana glavu wala mavazi ya kujikinga. Tarehe 30 Machi serikali ikatangaza bodi ya kusimamia mfuko huo, mwenyekiti wake akiwa Jane Karuku, wakati huo mkurugenzi mkuu wa Kenya Breweries. Mfuko ukawekewa kanuni zake chini ya sheria ya fedha za umma. Watu wa sekta binafsi wakaketi, wakahesabu, wakanunua. Kwa haraka ile, si jambo dogo.

Lakini hundi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kampuni inaitoa mara moja, inapigwa picha, imekwisha. Mimi nikitaka kujua kampuni iliwafanyia nini watu wakati wa janga, sianzii kwenye ilichotoa. Naanzia kwenye bei zake, kwenye orodha yake ya mishahara, na kwenye ankara ilizoipelekea serikali. Huko hakuna kamera. Na huko ndiko yalikotokea mambo makubwa ya mwaka ule, mazuri na mabaya.

Sheria yenyewe iko upande wangu katika hili. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi aifanikishe kampuni kwa faida ya wanahisa wake, lakini inamwambia pia azingatie maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wanaoiuzia na wanaonunua kwake, na athari za shughuli za kampuni kwa jamii na mazingira. Hayo si mapendekezo ya semina ya hotelini, bali ni wajibu wa kisheria wa kila aliyekubali kuitwa mkurugenzi, awe wa benki au wa duka la jumla la vifaa vya hospitali kule mtaani kwenu. Neno "msaada" halimo humo. Lililomo ni namna ya kuendesha biashara.

Tuanze na zuri, tena tulikalie kidogo, kwa sababu lina mafunzo ambayo watu wengi waliyapita mbio.

Tarehe 16 Machi 2020, siku tatu tu baada ya mgonjwa wa kwanza, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma pesa kwa simu, kiasi kisichozidi shilingi 1,000, hakutatozwa chochote. Kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapandishwa hadi shilingi 150,000, na pesa mtu anazoweza kuweka kwenye simu zikawa 300,000. Kuhamisha pesa kati ya simu na benki nako kukawa bure. Hoja ilikuwa ya kiafya: noti hupita mikono mingi, na pesa za simu hazipiti mkono wowote.

Sasa fikiria maana yake kwa mama mboga. Mteja anayenunua sukuma wiki, nyanya na kitunguu kwa shilingi 200 hakuwa na sababu ya kutuma kwa simu, kwa maana kutuma kati ya shilingi 101 na 500 kulikuwa kukimgharimu shilingi 11. Shilingi 11 juu ya 200 si mchezo; ni kitunguu kizima. Ada ilipoondoka, mteja akatoa simu. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani akatumiwa shilingi 100 mara tatu kwa siku badala ya 300 mara moja. Ni kweli kwamba aliyetaka kutoa pesa kwa wakala bado alilipa, na hilo wengi walilinung'unikia, lakini ndiyo sababu pesa zikaanza kubaki ndani ya simu na kuzungukia humo humo. Kufikia mwisho wa mwaka Benki Kuu ilieleza kwamba watu milioni 2.8 zaidi walikuwa wameingia katika kutumia pesa za simu, na kwamba idadi ya miamala ya mtu kwa mtu kwa mwezi iliongezeka kwa asilimia 87 kati ya Februari na Oktoba.

Na nani aligharamia? Hapa ndipo napapenda. Safaricom, inayoendesha huduma ya pesa za simu ya M-Pesa, ni kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi, kwa hiyo vitabu vyake vinasomwa na kila mtu, hata wewe na mimi. Katika nusu mwaka iliyoishia Septemba 2020, mapato ya M-Pesa yalishuka kwa asilimia 14.5. Huhitaji kuambiwa na ofisa wa mahusiano kwamba kampuni ilijinyima. Ilijinyima, na kiasi kimeandikwa pale. Nusu ya pili mambo yakaanza kurudi, na kwa mwaka mzima uliokwisha Machi 2021 mapato hayo yakawa yameshuka kwa asilimia 2 hivi tu, yakafika karibu shilingi bilioni 82.6. Watu walikuwa wamezoea. Ada ziliporudishwa Januari 2021, zile za viwango vidogo zilirudi zimepunguzwa: ile ya shilingi 11 ikawa 6.

Kuna wanaosema basi haukuwa wema, ulikuwa mtaji. Kampuni ilitupa chambo na ikavua wateja wapya. Mimi hoja hiyo hainisumbui. Jema linalomfaidi pia aliyelitenda lina nafasi kubwa ya kudumu kuliko lile linalotegemea moyo wa mkurugenzi mmoja ambaye mwakani atakuwa amestaafu. Kinachonisumbua ni kingine. Wakati huo Serikali ya Kenya ilikuwa ikimiliki asilimia 35 ya Safaricom. Mwezi wa Aprili 2020, kampuni ilipotangaza matokeo ya mwaka uliotangulia, gawio lililopendekezwa lilikuwa shilingi 1.40 kwa kila hisa, jumla yake zaidi ya bilioni 56. Piga hesabu ya asilimia 35 utaona Hazina ya Kitaifa ilikuwa ikingojea karibu bilioni 20. Kwa hiyo serikali ile ile iliketi kwenye viti vitatu: anayeamuru ada iondolewe, anayemiliki sehemu ya kampuni inayopoteza ada hiyo, na anayengoja gawio ajazie bajeti iliyotoboka. Kwa bahati nzuri mara hii Benki Kuu ilikitazama kiti cha kwanza tu. Lakini utawala bora hauwezi kutegemea bahati, na swali la nani huamua pale maslahi hayo yanapogongana halikupewa jibu. Ada ilirudi Januari, ikawa basi.

Mfano mwingine ni wa mabenki, nao ni wa kuvutia kwa sababu unaonyesha jinsi jambo zito lilivyofunikwa na jambo jepesi. Familia ya James Mwangi, mkuu wa Equity, ilitoa shilingi milioni 300, wakfu wa kundi hilo la benki ukatoa milioni 300, na Mastercard Foundation milioni 500, jumla bilioni 1.1 za kununulia wahudumu wa afya mavazi ya kujikinga. Hiyo ndiyo habari iliyokwenda mbele. Mwezi wa Mei bodi ya kundi hilo hilo ilifanya jambo ambalo halikuimbiwa wimbo: iliondoa pendekezo la gawio la mwaka 2019, shilingi bilioni 9.5, pesa ambazo wanahisa walikwisha zihesabu mfukoni, ili zibaki ndani ya benki. Linganisha bilioni 9.5 na bilioni 1.1. Benki yenye mtaji wa kutosha ndiyo inayoweza kumwambia mwenye matatu yake yaliyoegeshwa, "Haya, mwaka huu tutakungoja." Na mabenki ya Kenya kwa jumla yalingoja: kufikia mwanzo wa 2021 zaidi ya nusu ya thamani ya mikopo yote nchini ilikuwa imepangwa upya, baada ya Benki Kuu kuyataka yafanye hivyo tangu Machi 2020. Hakuna ubao wa hundi unaoweza kubeba jambo kama hilo.

Utaona, msikilizaji, kwamba mifano yote miwili ina Benki Kuu ndani yake. Hilo nalisema makusudi. Mara nyingi tunazungumza kana kwamba wema wa kampuni ni kitu kinachochipuka chenyewe, na msimamizi ni mtu wa kuja baadaye na rungu. Mwaka 2020 msimamizi ndiye aliyetangulia, akaweka tarehe na kiwango, na kampuni zikafuata zote kwa pamoja, hivyo hakuna aliyeogopa kwamba atajinyima peke yake huku mshindani wake akivuna. Vivyo hivyo upande wa bei. Katikati ya Machi, vitakasa mikono vilipoanza kuadimika, Mamlaka ya Ushindani iliiamuru supamaketi moja iwatafute wateja iliowauzia kwa bei iliyopandishwa na iwarudishie pesa zao. Sina hakika ni wateja wangapi waliobaki na risiti, lakini wafanyabiashara wengine walisikia.

Kulikuwa pia na mambo madogo ya kupendeza. Spiriti ya magendo iliyokamatwa na Mamlaka ya Mapato, ambayo kwa kawaida ingeishia kumwagwa, iligeuzwa kuwa kitakasa mikono na kampuni ya umma ya mabomba ya mafuta, kikagawiwa bure mitaani. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, kilichozoea kushona sare za shule, kikageukia barakoa. Kule Kilifi, Revital, kiwanda cha sindano na vifaa vya hospitali, kikawa kinahitajika kuliko hoteli zote za ufukweni zikiwekwa pamoja. Hoteli zenyewe, tusisahau, zilikuwa zimefunga milango, na wafanyakazi wake kutoka Diani hadi Malindi wamepelekwa likizo bila malipo.

Likizo bila malipo. Hebu tuseme kidogo juu ya hilo.

Katikati ya Machi mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, uliporomoka. Ulaya imejifungia ndani, nani atanunua waridi? Mashamba ya Naivasha yakachimbia maua ardhini na kuwarudisha nyumbani vibarua kwa maelfu. Mwezi uliofuata, mashada ya maua ya Kenya yalipelekwa Uingereza kwa ndege, zawadi kwa wahudumu wa afya, chini ya kampeni iliyoitwa Maua ya Matumaini. Picha zilipendeza mno. Sisemi kampeni ile ilikuwa mbaya. Soko la maua ni soko la hisia, na mwenye duka lazima amkumbushe mteja kwamba bado yupo. Ila kibarua aliyekuwa amekaa Karagita, mtaa wa hapo Naivasha, hana mshahara na kodi ya nyumba inadaiwa, naye alikuwa na haki ya kuuliza zawadi ile ilitoka kwenye fungu gani, na kama fungu hilo lingeweza kufika hadi mlangoni pake.

Na fungu lilikuwepo, angalau kwa kampuni zilizobaki na faida. Aprili 2020 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kodi: kodi ya mapato ya kampuni ikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, ikabaki hivyo hadi mwisho wa mwaka. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ikatoka asilimia 16 hadi 14. Serikali ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa nzuri. Lakini nataka tuitazame hesabu hii bila haya. Kampuni yenye faida ya shilingi bilioni 2 inayotozwa kodi iliachiwa shilingi milioni 100. Ikitoa milioni 10 kwenye mfuko wa korona na kupiga picha, imetuletea sehemu ya kumi ya kile tulichoiachia, tena sisi ndio tunaosema asante. Siwalaumu, hata mimi ningepokea. Nasema tu kwamba kodi inayolipwa kimya kimya ndiyo mchango wa kwanza wa kampuni kwa hospitali ya kaunti, na mimi sijawahi kuona kodi imeandikwa kwenye ubao.

Haya. Sasa tufike kwenye bovu lenyewe.

Agosti 2020 mwandishi Dennis Okari wa NTV alirusha makala ya uchunguzi kuhusu mamilionea wa korona, na nchi nzima ikajifunza herufi ambazo hapo awali zilijulikana na wafamasia tu: KEMSA, mamlaka ya kununua na kusambaza dawa. Baadaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alitoa ripoti maalumu. Iligusa ununuzi wa shilingi bilioni 7.8. Ilionyesha bidhaa zilizonunuliwa bila bajeti, kampuni zilizopewa barua za kuleta mali bila ushindani, bei zilizoamuliwa na muuzaji, na maghala yaliyojaa vitu ambavyo kaunti hazikutaka kuvinunua kwa sababu nje, sokoni, bei ilikuwa imekwisha kushuka. Kampuni moja iliyosajiliwa Januari 2020, yaani hata korona haijafika, ilipewa barua ya kuleta mavazi ya kujikinga 450,000 kwa shilingi 9,000 kila moja. Ni zaidi ya bilioni 4. Barua hiyo baadaye ilifutwa, lakini kwanza iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikapokelewa.

Hasira ya wananchi ilimwendea ofisa wa serikali. Ilistahili. Wakuu wa KEMSA walisimamishwa kazi, kamati za Bunge zikaita watu, Rais Uhuru Kenyatta akataka uchunguzi ukamilishwe katika siku 21. Rais huyo huyo, mwishoni mwa Agosti, akaagiza zabuni zote za KEMSA ziwekewe, ndani ya siku 30, utaratibu wa kuchapishwa.

Lakini ankara ina sahihi mbili. Kuna aliyeipitisha, na kuna aliyeiandika. Huyu wa pili si mtumishi wa umma. Ni mkurugenzi wa kampuni binafsi, amebeba kifungu kile kile cha 143 nilichokitaja, na pengine ana kadi ya uanachama wa chama cha wafanyabiashara. Tulipokuwa tukiusifu moyo wa sekta binafsi kwa sababu ya hundi za ubao, na kuilaani serikali kwa sababu ya KEMSA, tulisahau kwamba bilioni zile zilitoka serikalini zikaenda sekta binafsi. Zilikwenda kwa kampuni. Kuna iliyotoa na kuna iliyochukua, na sina shaka zimo zilizofanya yote mawili, ingawa orodha ya kutuonyesha hilo haikuwekwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida angeisoma.

Wenye biashara wana utetezi wao, na mmoja wao ni wa kusikilizwa. Muulize yeyote anayeiuzia serikali, kuu au ya kaunti, atakuambia: nikileta mali leo nitalipwa lini? Madeni ya serikali kwa wafanyabiashara ni donda la miaka mingi. Wapo waliouza nyumba kwa sababu ya ankara ya kaunti isiyolipwa. Kwa hiyo muuzaji anaongeza bei, anajikinga na kungoja, na mwaminifu asiyetaka kuongeza anafilisika na kuondoka. Wanaobaki ni wale wanaoweza kungoja, au wale wanaojua mlango wa kugonga ili wasingoje. Janga lilipofika, serikali ikataka mali kwa dharura kutoka kwenye soko ambalo yenyewe ilikuwa imelichuja miaka nenda miaka rudi likabaki na watu wa aina hiyo. Ukweli huo haumsafishi aliyeuza kwa 9,000. Unaeleza tu kwa nini alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Dawa haikuwa ya kuvumbuliwa. Tangu mwaka 2018 kulikuwa na amri ya rais, ile ya pili ya mwaka huo, iliyotaka kila ofisi ya umma ichapishe zabuni zake: nani ameshinda, kwa bei gani, na kampuni ni ya nani. KEMSA, ikiwa shirika la umma, ilikuwa pia chini ya Mwongozo, kanuni za utawala wa mashirika ya serikali za mwaka 2015. Februari 2020, wiki chache kabla ya mgonjwa wa kwanza, zilitoka kanuni za kuzitaka kampuni zitaje wamiliki wake halisi, yaani binadamu mwenye nyama na damu anayemiliki walau asilimia 10, si kampuni iliyofichwa ndani ya kampuni. Daftari la kuandikisha majina hayo lilifunguliwa Oktoba mwaka huo. Kufikia hapo mavazi ya kujikinga yalikuwa yamekwisha nunuliwa. Na lilipofunguliwa halikuwa la wewe na mimi kulisoma. Lilikuwa la vyombo vya serikali. Yaani walioshindwa kuwauliza wauzaji ndio waliokabidhiwa majina yao.

Hata zawadi kutoka nje zilitaka daftari. Tarehe 22 Machi 2020 shehena ya msaada ya Jack Ma, tajiri wa China, ilitua Addis Ababa: vipimo zaidi ya milioni moja, barakoa zaidi ya milioni 5, na maelfu ya mavazi ya kujikinga, vya kugawiwa nchi zote za Afrika. Kenya ikapata fungu lake. Baadaye zikazuka tuhuma kwamba baadhi ya mali hiyo haionekani ilikokwenda, wizara ikakanusha. Ubishi ule ungekwisha kwa ukurasa mmoja wa karatasi unaosema hospitali ipi ilipokea nini, tarehe gani, na nani alitia sahihi. Mtoaji anayefanya biashara kila siku, anayejua bohari yake ina katoni ngapi, anakuwaje tayari kutoa mali ya mamilioni bila kudai ukurasa huo? Huo ndio mzaha wa misaada ya kampuni. Mteja akidaiwa shilingi 500, mhasibu anampigia simu mara tatu. Msaada ukitolewa, mhasibu hakosi usingizi kwa kutojua ulipoishia.

Wale waliokuwa wakingoja mavazi hayo tunajua walikoishia. Wauguzi na maofisa wa kliniki waligoma tarehe 7 Desemba 2020, madaktari wakafuata tarehe 21. Miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Chama cha madaktari kilikuwa kimezika wanachama wake. Maghala ya KEMSA wakati huo hayakuwa matupu.

Mitaani nako, zile tangi za maji za kunawia mikono zilizowekwa Machi na Aprili, zenye nembo kubwa za waliozitoa, nyingi zilikuwa zimekauka kabla ya Krismasi. Mfereji umeng'oka, sabuni hakuna, nembo ipo. Aliyelipia tangi hakulipia maji, na kaunti iliyopokea haikuulizwa kama ina bajeti ya kuijaza.

Ungedhani baada ya yote hayo tungekuwa tumeelewa. Mei 2023, chini ya serikali mpya, ni KEMSA tena: zabuni ya vyandarua vyenye dawa, takriban shilingi bilioni 3.7, pesa za Global Fund, wafadhili wa mapambano dhidi ya malaria. Zabuni ikavurugika na kufutwa, Rais William Ruto akaivunja bodi na kumsimamisha ofisa mkuu, na Global Fund ikaamua kununua vyandarua hivyo yenyewe, kupitia mtandao wake wa ununuzi. Waliopoteza hapo si wizara peke yake. Kila kampuni ya hapa nyumbani iliyokuwa na mali safi na bei ya haki ilifungiwa nje pamoja na wale walioharibu. Ndiyo maana nashangaa vyama vya wafanyabiashara vinapoziona kashfa hizi kuwa ni aibu ya serikali, jambo la kutolea taarifa ya masikitiko halafu mtu aende zake.

Na magonjwa hayatungoji tuelewe. Tarehe 31 Julai 2024 wizara ya afya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, aliyegunduliwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta. Ugonjwa ule haukusambaa kwa kasi ya korona, lakini mwingine utakuja, na siku hiyo kutakuwa na haraka, na katika haraka watu husamehe mengi. Mimi ningependa kampuni zinazoiuzia serikali vifaa vya afya zianze leo, hali ikiwa shwari, kuweka kwenye tovuti zao mambo manne: majina ya wamiliki, bei waliyouza, tarehe waliyoleta mali, na tarehe waliyolipwa. La mwisho lingewasaidia hata wao wenyewe kudai haki yao. Hilo halihitaji amri ya rais.